Joho Si Leseni: Kusomea Tiba ya Sindano Marekani

Chuo kinaweza kukuvika joho Jumamosi, na Jumatatu ikafika huna ruhusa ya kumchoma mgonjwa hata sindano moja. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu masomo haya halijui, na ndilo linalowaumiza watu wakishamaliza akiba ya ukoo mzima. Mimi niko Minnesota, mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya tiba ya sindano ya Kichina (acupuncture). Siku zangu nyingi sasa ziko kwenye kliniki ya chuo, si darasani. Wadogo zangu mnaotaka kuifuata njia hii, nawaandikia mambo ninavyoyaona.

Watu wa nyumbani wengi hudhani ni kozi ya miezi mitatu. Sivyo. Kuna chombo kinachoidhinisha programu hizi, ACAHM, nacho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Kiwango chake cha chini kwa uzamili wa tiba ya sindano ni miaka mitatu ya masomo, yenye saa 1,905. Katika hizo, saa 705 ni nadharia ya Kichina, utambuzi wa maradhi na mbinu za matibabu. Saa 450 ni sayansi ya hospitali: anatomia, fiziolojia, patholojia, dawa, na namna ya kutambua mgonjwa asiyefaa kulazwa kwenye kitanda chako, anayestahili kukimbizwa hospitali sasa hivi. Saa 90 ni maadili, mawasiliano na uendeshaji wa kazi. Zinazobaki, 660, ni kliniki. Ukiongeza mitishamba ya Kichina, masomo yanakuwa ya miaka minne na saa 2,625, na kliniki inapanda hadi saa 870. California ina bodi yake na inadai zaidi ya hapo: saa 3,000, na 950 kati yake ziwe za kliniki. Kwa hiyo swali la kwanza ni utaishi na kufanya kazi jimbo gani, kwa sababu kila jimbo linatoa leseni yake. Aliyesoma kwa kiwango cha chini jimbo jingine, akaja kutaka kuhamia Los Angeles, atajikuta amepungukiwa saa nyingi.

Kuhitimu kwenyewe kuna karatasi nyingi ambazo sitakaa nazo: krediti zote, wastani wa alama usioshuka chini ya kiwango cha chuo, chanjo, cheti cha huduma ya kwanza, deni la ada liwe sifuri. Hayo ukiwa makini yanapita. Kliniki ndiyo inayokupima.

Unaanza kwa kutazama. Unakaa pembeni na daftari, huongei mpaka uulizwe. Baadaye unasaidia, na mwishowe mgonjwa anakuwa wako: unamhoji, unashika mapigo ya mikono yote miwili, unatazama ulimi, unaandika unachodhani ni tatizo na pointi unazotaka kutumia, yaani mahali pa mwili pa kuchoma sindano, kisha unatoka nje kumweleza msimamizi. Asiporidhika, unarudi kuuliza tena. Haiingii sindano hata moja kabla hajakubali. Programu nyingi hudai mwanafunzi afikishe matibabu yasiyopungua 250 aliyoyafanya kwa mkono wake, na kila moja iwe na maandishi yaliyosainiwa. Mgonjwa asipotokea, tiba hiyo haihesabiki. Theluji kubwa ya Januari ikifunga barabara, kliniki nzima inaweza kukaa tupu, na mwanafunzi aliyejipangia kuhitimu Mei anaanza kuangalia kalenda kwa wasiwasi. Ushauri wangu: jaza saa zako za kliniki mapema, usiache rundo kwa muhula wa mwisho.

Halafu kuna mtihani wa vitendo wa pointi. Mfumo wa kawaida una pointi 361 kwenye mikondo 14, yaani njia ambazo tiba ya Kichina husema nguvu ya mwili hupitia, na hupimwi kwenye karatasi tu. Mwenzako analala, mtahini anataja pointi, wewe unaweka alama kwa kalamu mwilini. Kipimo ni cun, na cun ni ya mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa kidole gumba chake ni cun moja, vidole vyake vinne vikiungana ni cun tatu. Mtu wa pwani aliyekua akiona nguo zinapimwa kwa shibiri na dhiraa halimsumbui sana hili, isipokuwa hapa mkono unaopima na mwili unaopimwa lazima viwe vya mtu mmoja. Zusanli, pointi ambayo kila mwanafunzi huijua mwanzo, iko cun tatu chini ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Ukiteleza kidogo pale, tiba inapoteza nguvu tu. Lakini ukizamisha sindano kupita kiasi kwenye Jianjing, juu ya bega, unaweza kutoboa pafu. Hegu ya mkononi na Sanyinjiao ya juu ya kifundo cha mguu hazichomwi kwa mjamzito. Mambo haya unayarudia hadi yakae vidoleni, na naona ni sawa kabisa yawe magumu. Huu ni mwili wa mtu.

Usafi una cheti chake cha kitaifa, na bila hicho hupiti: kuosha mikono, kuandaa eneo safi, kutoshika shina la sindano kwa vidole, kuhesabu sindano zilizoingia na zilizotoka, kuzitupa kwenye sefti boksi papo hapo. Tangu 1996 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, imeziweka sindano hizi kwenye kundi la vifaa rasmi vya tiba, na sharti ziwe tasa na za kutumika mara moja tu.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliona kwenye orodha yoyote ya masharti. Vitabu vyetu vinafundisha kusoma rangi ya uso: wekundu ni joto, weupe ni upungufu wa damu, na kadhalika. Picha zake karibu zote ni za ngozi nyeupe au ya Kichina. Ngozi yangu na ya wagonjwa wengi wanaokuja kwetu haionyeshi wekundu namna hiyo. Nimejifunza kutazama ufizi, viganja, ndani ya kope la chini, na kushika joto la ngozi kwa mgongo wa mkono. Ulimi nao nyumbani ni kawaida kuwa na madoa meusi ya kuzaliwa, na mwanafunzi asiyeyajua anaweza kuandika kuwa damu imetuama. Nimelisema hili darasani mara nyingi, na wasimamizi wazuri wanalipokea. Wewe utakayekuja, usinyamaze. Unachokijua kuhusu miili ya watu wako ni elimu.

Minnesota ina Wasomali wengi, na baadhi yao waliishi Eastleigh au Mombasa kabla ya kuja huku. Mama akisikia lafudhi yangu anabadilisha lugha: "Mwanangu, kiuno kinakata, na usiku mguu unakufa ganzi." Hapo ninaandika maneno yake kwanza kama yalivyo, kisha namweleza msimamizi kwa Kiingereza, kwa sababu yeye ndiye anayebeba dhamana. Mkalimani rasmi akiwepo, mimi nabaki kuwa mwanafunzi wa tiba tu, maana kazi mbili kwa wakati mmoja huleta makosa. Kina mama wengi wanapenda watibiwe na mwanamke na hawataki kufunua tumbo, nasi tunaweza kupanga tiba kwa pointi za mikono chini ya kiwiko na miguu chini ya goti. Ramadhani ni somo lingine. Mtu mwenye njaa huweza kuzimia sindano ikiingia, hivyo aliyefunga tunamlaza, tunapunguza idadi ya sindano, hatuzichezei kwa nguvu, au tunamwomba achague miadi baada ya Idi ikiwa hali yake inaruhusu. Kwa mtihani wa mwisho mwanafunzi anaulizwa mambo ya aina hii, na waliokua majirani na watu wanaofunga wanajibu bila kufikiri sana.

Turudi kwenye joho. Baada ya kuhitimu, majimbo mengi, Minnesota likiwamo, yanataka cheti cha kitaifa cha NCBAHM, bodi ya kuthibitisha wataalamu wa fani hii, iliyokuwa ikiitwa NCCAOM. Kwa tiba ya sindano ni mitihani mitatu: misingi ya tiba ya Kichina, sayansi ya tiba ya kisasa, na sindano pamoja na mahali pa pointi. Wenye mitishamba wanaongeza wa nne. Ukishapata cheti ndipo unaomba leseni ya jimbo, na hapa Minnesota inatolewa na bodi ileile inayosimamia madaktari. Wanafunzi wanaweza kuanza mitihani hii kabla ya kuhitimu, wakishafikisha sehemu kubwa ya masomo. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi naliona hilo kuwa lazima, si hiari. Sikia kwa nini. Mwenye F-1, yaani viza hiyo, hupata ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12 tu. Maombi yanafunguliwa siku 90 kabla ya programu kuisha na kufungwa siku 60 baada yake. Saa ikishaanza kuhesabu, ukikaa bila kazi siku 90 kwa jumla, umevunja masharti. Fani yetu haimo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia inayoongezewa muda. Na bila leseni huwezi kuajiriwa kutibu. Anayesubiri mahafali ndipo aanze kujisomea mitihani ya bodi anaweza kuona mwaka wake unayeyuka.

Fedha pia zinagawanya watu. Mikopo ya serikali kuu ni ya raia, wenye green card, wakimbizi na wachache wengine. Mwenye F-1 hana haki nayo, na kazi ya chuoni hairuhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ada ya programu nzima ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa ndugu aliyekuja kwa bahati nasibu ya green card, anayefanya kazi ya kutunza wazee, njia hii inawezekana polepole. Kwa anayetaka kutoka Tanga au Kisumu na viza ya mwanafunzi bila mdhamini wa uhakika, sitamtia moyo wa uongo.

Na kurudi nyumbani? Nalifikiria sana. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964, kwa hiyo sindano si kitu kigeni kwa wagonjwa wetu, na pwani tuna kuumika kwa chuku tangu enzi za mababu. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza linalosajili wanaozitoa. Anayepanga kurudi achukue chuoni, kabla hajaondoka, muhtasari wa kila somo, idadi ya saa zake za kliniki, na uthibitisho uliopigwa muhuri. Vyuo kadhaa vya tiba hii vimefungwa Marekani miaka ya karibuni, na chuo kikishafungwa, kupata nakala hizo ni safari ndefu.