Nimezaliwa kijijini, unanipeleka kijijini kufanya nini?

Ankara, Uturuki, huu mwaka wa pili naishi, nasoma, na ukiniuliza nimeona nini ntakwambia maghorofa, basi, maktaba na baridi basi. Jumapili moja mwezi wa kumi na moja jamaa yangu mmoja Mrundi tunakaa naye bweni akanambia twende Altınköy, kuna makumbusho ya wazi ya maisha ya kijijini ya zamani, nkamwambia mimi nimezaliwa kijijini, Pangani huko, unanipeleka kijijini kufanya nini? Ila nikaenda, maana hita ya chumbani ilikuwa inanikausha pua.

Basi tulipandia Ulus, alafu tukashuka vituo viwili kabla, kosa langu, nilisikia jina nusu nkabonyeza kengele. Tukatembea. Ankara iko juu kama mita 900 hivi toka usawa wa bahari na mtoto wa pwani kifua chake kinalijua hilo, nlikuwa nahema kama bata na Mrundi wa watu amezoea milima yao anapiga stori tu.

Altınköy maana yake kijiji cha dhahabu, na wilaya yenyewe inaitwa Altındağ, mlima wa dhahabu. Ukiingia ni kijiji kweli, nyumba za mbao na magogo kama za upande wa kaskazini kule Bahari Nyeusi, msikiti mdogo, duka, kibanda cha mhunzi, kinu cha upepo, kinu cha maji, na daraja la kuning'inia ambalo Mrundi aligoma kabisa kulipita, milima haogopi ila daraja linalocheza hapana, akazunguka na njia ya chini nikamsubiri ng'ambo. Kwa waliosoma Dar ni kama Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama tulipokuwa tunapelekwa na shule, tofauti pale kwetu kila nyumba ni ya kabila lake na hapa ni kijiji kimoja kizima. Ila pasafi mno aisee. Kijiji cha watu wanaofuga ng'ombe alafu hakuna hata harufu ya samadi, hapo wametudanganya kidogo, hasa ukizingatia Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, samadi walikuwa wanaikandika mikate mikate wanaikausha wanaipikia, wanaiita tezek.

Mimi kilichonishika ni nyumba. Nyumba nyingi za kijijini huku, chini ni zizi na juu ndo wanakaa watu, na sio kwa kukosa nafasi, ni kwamba joto la mifugo linapanda juu na msimu wa theluji hiyo ni hita ya bure, sasa fikiria mtu wa Pangani anayejenga nyumba ili upepo uingie anakutana na mtu anayejenga ili upepo usiingie hata kwa bahati mbaya. Unavua viatu unaingia chumba kimoja, na hicho chumba kimoja ndo kila kitu. Dirishani kuna sedir, yaani baraza la mbao lenye matakia, wanakaa hapo. Mchana magodoro yanakunjwa yanaingizwa kwenye kabati la ukutani, wakati wa kula inatandikwa sofra chini watu wanazunguka sinia (na sisi sufra tunayo, bibi yangu alikuwa anaitumia hiyohiyo), usiku magodoro yanarudi chini. Alafu nyumba nyingine za zamani za Kituruki ndani ya hilohilo kabati kuna kamlango, ukifungua ni sehemu ya kuogea, kadogo hivi, mtu anasimama na ndoo yake anajimwagia anatoka. Bafu ndani ya kabati! Nikamtumia dada picha akajibu fundi wetu asije akaliona hilo.

Hapohapo kijijini kuna na shule, darasani kuna madawati ya mbao na jiko la chuma katikati, watoto zamani walikuwa wanakuja na kuni mkononi kila mmoja kipande chake. Sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kuchukua za Kilatini Uturuki ilipita mwezi wa kumi na moja 1928, na mwezi wa kwanza 1929 watu wazima wakaanza kuitwa darasani wajifunze upya, yaani mzee mwenye kusoma vizuri tu anaamka anaambiwa anza a, b, c. Kwetu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne na kilihama taratibu, bibi yangu orodha zake za harusi aliandika hivohivo mpaka anafariki na hakuna aliyemwita darasani.

Nje ya ghala ndo tukamkuta mzee mmoja na mjukuu wake wamelisimamia libao limelala chini, limepinda mbele kama mtumbwi. Nkamsalimia "amca", huku ndo heshima kwa mzee wa kiume, ni ndugu wa kiume wa baba, sawasawa na sisi watu wa pwani tunavosema ami. Akaligeuza. Chini lina vipande vya mawe makali, yale ya kutolea cheche, vimepigiliwa mamia. Linaitwa döven. Akasema utotoni kazi yake ilikuwa kukaa juu yake awe uzito, ng'ombe wanalivuta linazunguka juu ya ngano siku nzima, mawe yanakata mabua punje zinatoka, nkamuuliza ilikuwa raha? Akacheka, "saa ya kwanza," akasema. Baada ya hapo ni jua, vumbi, kizunguzungu, na ng'ombe akiinua mkia wewe ndo unakimbilia kukinga na koleo isiingie kwenye ngano.

Alafu akaniuliza kwenu mnafanyaje. Nkamwambia kwetu mpunga, tunaupiga kwa fimbo, alafu tunapepeta na ungo, nikawa najiona nami wa kijijini haswa. Yule mtoto akanyoosha kidole ukutani, kuna kitu cha duara kina matundu, wao wanakiita kalbur, akauliza na hicho kwenu kinaitwaje? Weweee. Nikasimama. Neno liko mdomoni halitoki. Nikageuka kwa Mrundi naye anatazama daraja. Nkasema chujio, ila mwenyewe najua chujio ni la chai.

Tukaenda kula gözleme, mama mmoja anasukuma unga mwembamba kama kitambaa na kimti chembamba kirefu, anaweka jibini na spinachi anakunja anaweka juu ya chuma cha moto, usimwambie ni chapati atachukia ila ni binamu yake. Chai nne nne. Na muda wote nalitafuta lile neno, mpaka nikamtumia mama voisi noti na picha.

Jibu lilikuja tuko kwenye basi tunarudi Ulus, nikaliweka sauti bila kufikiri basi zima likasikia: "Chekeche hilo! We mtoto, huko umeenda kusoma ama kuchekecha ngano za watu?"