Kilimanjaro isiyo ya wapanda mlima tu

Wadogo zangu wa Moshi mnauliza kwa nini nilianzia chuo cha jamii wakati Marekani imejaa vyuo vikuu. Sababu ni ada. Vyuo hivi ni vya miaka miwili na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Unakusanya krediti, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu, kama 60, kisha unahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Nyumbani wapo wanaovibeza, eti ni chuo cha kati tu. Siwaungi mkono hata kidogo. Joliet Junior College ya Illinois, nayo chuo cha jamii, inafundisha tangu 1901, na mwalimu wangu hapa Minnesota ananijua kwa jina.

Nasoma mawasiliano na habari. Somo lililonishika ni la redio. Tulitakiwa kuandaa simulizi fupi ya mtu na kazi yake, nami nikamchagua mama mdogo, anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Nilimpigia kwake saa mbili asubuhi, kwangu saa sita usiku.

“Haya mwanangu, uliza, ila wateja wakija nawahudumia.”

Wakaja. Nikaacha simu inarekodi: mtu anataka ndizi za mtori, mwingine anaomba apunguziwe, mkokoteni unapita watu wakipigiwa kelele wapishe. Nilitaka kuyakata yote hayo nibakize maelezo yake. Mwalimu, ambaye hajui Kiswahili, akakataa. Alisema soko lisikike kwanza, mama mdogo aongee kwa lugha yake, ndipo tafsiri iingie juu ya sauti yake taratibu. Darasa zima lilisikiliza kimya. Wengi wao Kilimanjaro waliijua kwa theluji na wapanda mlima. Sasa walikuwa wanauliza mchuuzi anaamka saa ngapi, mzigo unatoka kijiji gani. Kazi hii ndiyo ninayoitaka: watu wetu wasikike wenyewe, si kusimuliwa na wapita njia.

Kwa mnaojiandaa: viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inakutaka usome muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula, na kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Msije mkitegemea kibarua kilipe ada. Na kabla ya kujisajili, kiandikieni chuo kikuu mnachotaka kuhamia, muulize ni masomo gani watayapokea. Majibu yakija, nitumieni tuyapitie pamoja.