Beseni la udhu la Mama

Nimerudi Unguja, wiki ya tatu hii, baada ya miaka 12 Maskati. Usiku wa kwanza niliamshwa saa nane na mlio wa maji yakiingia kwenye pipa. Mama alikuwa keshaamka, anakinga. Mtaani kwetu mfereji hutoa usiku, na asiyekinga usiku, mchana hana. Tukajaza mapipa mawili na madumu sita, maji yakakatika.

Alfajiri nikamwona anatia udhu juu ya beseni. Alipomaliza akalibeba taratibu mpaka nyuma ya jiko, akayamwaga kwenye shina la mpapai, yaliyobaki akaupa mrehani. Utotoni nikiyaona haya mazoea ya kizee tu. Sasa nimefanya kazi miaka yote hiyo kwenye mabomba ya maji yaliyosafishwa, na nilipomwona Mama ameinama pale nilitaka kulia. Anayoyafanya kwa beseni, Maskati wanayafanya kwa mji.

Kule mvua ni ya kubahatisha na maji mengi ya kunywa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa gharama kubwa. Maji ya gharama hiyo hayaachwi yapotee yakishatumika mara moja. Majitaka yanapelekwa mitamboni, kama pale Al Ansab. Vijidudu vinakula uchafu, maji yanapita kwenye machujio yenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, kisha yanatiwa klorini. Yana mabomba yao, mbali na ya kunywa, na ndiyo yanayonywesha mitende na maua ya barabarani. Pale pale Al Ansab kuna mabwawa ya maji hayo hayo, na heroe wanatua.

Wenyewe hawakuanza jana. Nizwa nimeuona Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwenye mifereji ya namna hiyo maji yana zamu: kwanza ya kunywa, kisha msikiti na kuogea, ndipo yateremke mashambani. Tone lile lile linafanya kazi tatu.

Nikisimulia haya barazani, swali la kwanza ni moja: si najisi hayo? Swali la haki kabisa. Baraza la maulamaa wakubwa wa Saudia lililijibu mwaka 1978: majitaka yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi viondoke, yanarudi kuwa tohara, ila yasinywewe kama yana madhara kwa afya. Mimi siombi hata tufike huko. Naomba ya udhu, ya kuogea na ya kufulia yasichanganywe na ya choo.

Maana sisi tunategemea maji ya chini ya ardhi, na ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, inapitisha. Karo likivuja, kisima kinapata. Pwani wakivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Sultani Barghash aliyaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, karne ya 19, na tangu hapo hesabu yetu imekuwa ya kuleta tu. Hoteli inafua mashuka kila siku, maji yale yangetosha bustani yake nzima, lakini bustani inamwagiliwa maji ya kunywa wakati jirani yake anabeba dumu kichwani. Hili linaniuma. Kibali cha kujenga hoteli kingepaswa kuuliza kwanza: maji yako ya kufulia yanakwenda wapi?

Mdogo wangu anajenga, yuko kwenye msingi. Nilikuta bomba moja limelazwa, kila kitu kinakwenda karoni. Nikamwambia fundi atenganishe: choo peke yake, bafu na pa kufulia peke yake, yapite kwenye shimo la kokoto na mchanga, yaishie migombani. Akanitazama, akasema, "Kaka, hakuna aliyewahi kuniomba hivyo." Kilichoongezeka ni mabomba machache na kibarua cha siku moja. Sakafu ikishamwagwa, itabidi kuvunja.

Jumamosi tunachimba shimo la kokoto. Mama ameshachagua migomba.