Kumbukumbu ya mradi: tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, kutoka kurasa 14 hadi 5

Kazi ni kujenga upya tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Mlengwa ni mmoja: amesimama saiti, fundi yuko pembeni anasubiri, mkononi ana Android ya bei nafuu yenye skrini ya upana wa pikseli 360, na bando linakaribia kuisha. Anataka kujua kitu kipo au hakipo, bei gani, duka liko wapi, na ampigie nani. Kila kitu kwenye tovuti kinapimwa kwa maswali hayo manne.

Siku ya 1: kupunguza

"Dira na Dhamira" nje. Picha tatu zinazopishana juu ya ukurasa wa mwanzo nazo nje: zinakula bando, na anayetafuta bei ya saruji anazipita tu. Zimebaki kurasa 5: mwanzo, bidhaa, bei, usafiri, tulipo.

Vistari vitatu vya kufungulia menyu vimeondolewa, maneno manne, moja kwa kila ukurasa usio wa mwanzo, yanaonekana wazi muda wote. Hapo hesabu ikagoma. Pikseli 360 ukigawa kwa 4 unapata 90, toa nafasi ya pikseli 8 kila upande, inabaki 74. "Usafirishaji" kwa herufi za pikseli 16 haliingii, linakatika katikati. Limekuwa "Usafiri". Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo kiolezo kilichopangwa kwa Kiingereza kisiaminiwe mpaka kijazwe maneno halisi.

Siku ya 2 na 3: maandishi na rangi

Maandishi ya kawaida ni pikseli 17, kimo cha mstari 1.6, na yanaanzia kushoto. Kunyoosha kingo zote mbili kumefutwa, maana kwenye skrini nyembamba neno kama "yanayopatikana" likihamia mstari wa chini linaacha mapengo ya kuingiza kidole. Sifa ya `lang`, inayotaja lugha ya ukurasa, imewekwa `sw` (Kiswahili). Ikibaki `en` (Kiingereza), kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kitasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari kinaweza kudhani ukurasa unahitaji kutafsiriwa.

Kipimo cha tofauti ya rangi ni kile cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote: angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu `#999` juu ya nyeupe kinapata 2.85, kimefeli; `#595959` kinapata 7. Kitufe cha WhatsApp ndicho kilicholeta ubishi. Ile kijani inayojulikana, `#25D366`, ikiwa na maandishi meupe haifiki hata 2 kwa 1, na juani huoni kitu. Imewekwa kijani ya giza `#075E54`, ambayo inapita 7. Jaribio la mwisho ni kutoka nje saa 7 mchana na simu yenye mwanga wa nusu.

Siku ya 4: picha

Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 haina kazi kwenye kadi yenye upana wa pikseli 160. Ukizidisha mara 3 kwa ajili ya skrini kali, 480 zinatosha. Zote zimegeuzwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, kwa ubora wa 75. Kila picha ina `width` na `height` (upana na kimo) ndani ya msimbo, la sivyo ukurasa unaruka picha zinapoingia na mtu anabonyeza bati akidhani anabonyeza nondo. `loading="lazy"`, inayosubirisha picha mpaka mtu aikaribie, iko kwenye picha zote isipokuwa zile za juu kabisa; ukiiweka na huko, picha ya kwanza ndiyo inayochelewa.

Siku ya 5 hadi 9: kisanduku cha kutafuta

Hapa ndipo muda mwingi ulipoishia. Bidhaa 180 ziko kwenye faili moja dogo la JSON (orodha ya data kwa maandishi), na utafutaji unafanyika kwenye simu yenyewe bila kuuliza seva. Kasi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sarufi.

Vifaa vingi vya utafutaji hukata mwisho wa neno, kwa kuwa wingi wa Kiingereza unakaa huko. Wetu unakaa mwanzoni. Anayeandika "bati" ataipata "mabati", kwa sababu herufi hizo zimo ndani yake, ila anayeandika "mabati" hapati "bati". "Msumari" na "misumari" hazipatani upande wowote. "Ubao" na "mbao" vilevile.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukata viambishi kwa kanuni: ondoa ma-, mi-, ki-, vi- na kadhalika. "Mashine" ikawa "shine". "Kioo" ikabaki "oo", na mtu anayetafuta kioo cha dirisha akaletewa sinki la choo. Kanuni ikafutwa siku hiyohiyo.

Kilichofanya kazi ni cha mikono. Kila bidhaa inapewa uga (sehemu ya data) wa maneno uliofichwa, wenye umoja, wingi, jina la mtaani na makosa ya kawaida. Mfano wa saruji:

`saruji simenti sementi simento cement mfuko mifuko`

Bawaba ina "hinji", kitasa kina "vitasa" na "loki", bomba lina "mabomba" na "paipu". Kabla ya kulinganisha, r zote zinageuzwa l pande zote mbili, hivyo "langi" inaleta rangi. Kujaza bidhaa 180 kunachosha, lakini kunafanywa mara moja.

Neno likikosekana kabisa, ukurasa hauishii kwenye "Hakuna matokeo". Unatoa kitufe cha kuuliza WhatsApp, na neno lililoandikwa limeshajazwa kwenye ujumbe. Neno hilo lazima lipite kwenye `encodeURIComponent`, amri ya JavaScript (lugha ya programu za kivinjari) inayogeuza alama maalumu ziweze kukaa ndani ya kiungo, kwani mtu akiandika "bati & nondo", kila kilicho baada ya alama ya & kinapotea.

Siku ya 10: bei

Bei inahifadhiwa kama namba kamili na kuonyeshwa "TSh" pamoja na mkato wa maelfu. Chini yake kuna tarehe iliyowekwa. Ikipita siku 14 bila kuguswa, bei inajificha yenyewe na kitufe kinasomeka "Uliza bei". Bei ya zamani inaleta ugomvi kaunta kuliko kutokuwa na bei. Kipimo nacho kiko pembeni ya bei: mfuko wa kilo 50, nondo ya mm 12. Kwenye mabati kuna mstari mmoja: "Namba ya geji (kipimo cha unene) ikiwa kubwa, bati ni jembamba." Wengi wanadhani kinyume.

Siku ya 11: fomu na mawasiliano

Sehemu tatu tu: jina, simu, mtaa. Ya simu ni `type="tel"` (inaleta kibodi ya namba), herufi pikseli 16; zikipungua, iPhone inakuza ukurasa wenyewe. Watu wanaandika 07…, +2557…, 2557…, na nafasi katikati. Zote zinakubaliwa: ondoa kila kisicho tarakimu, chukua 9 za mwisho, weka 255 mbele. Ujumbe wa kosa unasema "Namba imepungua tarakimu 1", si "Ingizo batili". Kiungo cha `wa.me`, kinachofungua WhatsApp, hakitaki alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Kile cha kupiga simu, `tel:`, kimewekewa +255.

Saa za kazi zimeandikwa "saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni". Kwenye data ya injini za utafutaji ni 08:00 na 17:00. Ukichanganya, duka litaonekana linafunguliwa usiku wa manane.

Ramani haikupachikwa, ni nzito. Kuna kiungo cha kuifungua, na juu yake maelekezo kwa kituo cha daladala.

Siku ya 13: majaribio

Watu watano, kila mmoja na simu yake, kazi tatu, hakuna kusaidiwa. Wanne walibonyeza picha ya bidhaa na kuona haijibu, maana kiungo kilikuwa kwenye kitufe pekee. Sasa kadi nzima inabonyezeka. Mmoja alitafuta bei ya usafiri kwenye ukurasa wa bei, kwa hiyo jedwali la usafiri limewekwa na huko.

Bado

- Uga wa maneno kwa vifaa vya umeme, bidhaa 40 hivi.
- Kujaribu kwenye Opera Mini, kivinjari cha kuokoa bando, yenye ubanaji wa juu. Utafutaji unategemea JavaScript, kwa hiyo orodha nzima ya bidhaa lazima isomeke hata kisanduku kikigoma.
- Kitufe cha kupiga simu kinafunika bei ya bidhaa ya mwisho. Nafasi ya chini iongezwe, pikseli 72.