Kabla ya kikao cha ukoo

Old Moshi, 27 Disemba, usiku

Hesabu zote zinakubali, na hilo ndilo linalonitia hofu. Kipande cha kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kilicho upande wa barabara kinatosha kujengwa vyumba vya kupangisha, wanafunzi wa vyuo vya mjini hawakosekani, mkopo unaweza kulipika kwa kodi yenyewe bila kugusa mshahara, na ada za watoto wetu, wangu na wa kaka, zingepata chanzo kisichotegemea bei ya kahawa, ambayo kila anayeishi kwenye miteremko hii anajua jinsi inavyopanda na kushuka bila kumwuliza mtu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya chama cha msingi cha wakulima, kwa hiyo najua kutofautisha mpango wa ndoto na mpango unaosimama. Huu unasimama. Kasoro yake ni moja, nayo haionekani kwenye safu yoyote ya daftari: kipande hicho marehemu baba alikwisha kumpa shangazi.

Alimpa mbele ya wazee, shangazi aliporudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe na kuona kwamba kwa wakwe hakukaliki tena. Baba alipanda masale kwenye mpaka, nami nilikuwa mtoto niliyemshikia vipandikizi. Kwa asiyetoka huku niseme tu kwamba isale kwetu si mmea wa kupamba ua. Ndilo linalotenga kihamba na kihamba, na ndilo analolishika mtu anayekwenda kuomba msamaha, ambaye kumkataa akiwa nalo mkononi ni aibu kwa anayemkataa. Hakuna karatasi iliyoandikwa siku ile. Wazee walioshuhudia wamekwisha kufariki, kaka alikuwa shule ya bweni, na shangazi mwenyewe sasa ni mtu mzima sana, asiyependa maneno mengi. Amebaki shahidi mmoja mwenye nguvu ya kusimama kikaoni, naye ndiye anayeandika haya, na ndiye atakayefaidika endapo atanyamaza.

Kikao ni keshokutwa. Kila mwisho wa mwaka Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, barabara ya kupanda huku inajaa magari, mbuzi wanachinjwa, na mambo ya ukoo yaliyongoja tangu Januari yanawekwa mezani kabla watu hawajatawanyika. Kaka amekwisha kuzungumza na baba mdogo na binamu wawili. Ananiambia kwa upole, kama anavyozungumza daima, kwamba mpango huu ameuombea tangu Pasaka na kwamba Mungu amemwonesha njia. Kodi ikianza kuingia, fungu la kumi litatoka kwanza, na shangazi atapewa chumba kimoja bure hadi mwisho wa maisha yake. Simwoni kaka kuwa mtu mbaya. Ni mtu anayesali kuliko mimi, na pengine ndiyo sababu maneno yake yamenichukua muda mrefu kuyapima.

Nilichokuja kukiona ni kwamba maombi yenyewe yanaweza kuwa mahali ambapo mtu anajitegemea kwa utulivu zaidi kuliko mahali pengine popote. Anayesema wazi kwamba hamhitaji Mungu, mtu huyo angalau anajulikana. Lakini mtu anayeleta mpango uliokwisha kufungwa, akaomba ubarikiwe, akangoja amani moyoni na kuihesabu amani hiyo kuwa jibu, huyo ametegemea akili zake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Mungu amemwita aje kutia sahihi. Naandika haya nikijijua, kwa kuwa mimi pia nilianza kuomba hivyohivyo wiki hii, nikitafuta maneno yatakayoniruhusu kukaa kimya bila kusema uongo. Nilikuta kwamba siwezi kumwuliza Mungu kama nimdhulumu shangazi. Swali hilo lina jibu tangu zamani, na kuliuliza upya ni njia ya kuahirisha kutii.

Katika darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ile aliyoitoa mwaka 1529, na kama vijana wengi tuliikariri ili tusiaibike mbele ya usharika. Maelezo ya amri ya kwanza ndiyo wengi wetu tunayakumbuka, kwamba tumche Mungu, tumpende na kumtumaini kuliko vitu vyote. Jana usiku nilisoma tena maelezo ya amri ya tisa, ile ya kutotamani nyumba ya jirani, na nikakaa kimya kwa muda. Luther haishii kwenye wizi wa wazi. Anasema tusiutafute urithi wa jirani kwa hila, wala tusiupate kwa njia inayoonekana kuwa ya haki. Hilo la mwisho ndilo linaloeleza hasa kikao chetu: kitafunguliwa kwa sala, kitakuwa na mwenyekiti na muhtasari, wote watatia sahihi, na hakuna atakayekuwa amevunja utaratibu wowote.

Nimemfikiria sana mfalme Sauli kule Gilgali, katika sura ya 13 ya Samweli wa Kwanza, kwa sababu naye alikuwa na hesabu. Alianza na watu 3,000 waliochaguliwa. Wafilisti wakakusanyika Mikmashi wengi kama mchanga wa pwani. Watu wake wakajificha mapangoni na vichakani, na mwishoni walibaki kama 600 hivi. Nabii Samweli alikuwa amemwambia angoje siku saba. Siku zikatimia, Samweli hakuonekana, nao watu wanazidi kutoroka. Sauli akatoa sadaka ya kuteketezwa kwa mkono wake, na alipokuwa akimaliza tu, Samweli akafika. Kila ninapoisoma habari hiyo nasikia huruma kwa Sauli, maana sioni kosa katika hesabu yake. Mhasibu yeyote angemshauri hivyo. Na hakumwacha Mungu ili aende kwa miungu mingine. Alichofanya ni ibada. Alitumia ibada kuokoa jeshi, na neno aliloambiwa akaliweka pembeni kwa kuwa hali ilikuwa ya dharura. Baadaye, Sauli alipoacha hai mifugo ya Waamaleki aliyoambiwa aiangamize, akisema ni ya dhabihu, Samweli akamwambia kwamba "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Wiki hii hapa kwetu mafuta ya beberu hayakosekani, na fungu la kumi la kodi ya vyumba, ambalo kaka analitaja kwa nia njema kabisa, nashindwa kuliona kuwa kitu tofauti na mafuta hayo.

Gideoni, mwamuzi wa Israeli aliyepigana na Wamidiani, alielekezwa kinyume, apunguze. Kutoka watu 32,000 waliondoka 22,000 kwa hofu, wakabaki 10,000, kisha majini wakachujwa hadi 300, ili Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa. Siwezi kusema kwamba hesabu ya namna hiyo naipenda. Vitabuni mwangu ingeitwa hasara.

Hapa nahitaji kuwa mwangalifu, maana kuna watu, hata katika usharika wetu, wanaoitumia Mithali 3:5 kama ruhusa ya kutofikiri. Andiko linasema, "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Halisemi usiwe nazo. Mkulima ambaye kahawa yake imeshambuliwa na chulebuni, akakataa miche iliyoboreshwa na kituo cha utafiti cha Lyamungu inayostahimili ugonjwa huo, akasema anamwachia Mungu, huyo simwiti mwenye imani. Amemwachia Mungu kazi ambayo Mungu alimwachia yeye. Mimi nalipwa kwa kutumia akili na sitaacha kuzitumia Jumatatu. Tofauti ninayoiona ni ya mpaka. Akili zinanisaidia kujua namna ya kulipa ada, namna ya kukopa, mahali pa kuweka choo na tangi la maji. Kama shamba ni langu au la shangazi, jambo hilo akili zangu hazikupewa kuliamua, kwa sababu zina maslahi ndani yake.

Vilevile sipendi imani inayosimuliwa kana kwamba mtiifu hufanikiwa daima. Historia ya kanisa letu hapa kaskazini hairuhusu. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilikuja Kilimanjaro mwaka 1893, na Oktoba 1896 wamisionari wake wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kwenye miteremko ya Meru walipotaka kuanza kazi huko, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Hao tunawakumbuka kanisani. Yaliyofuata tunayataja kwa nadra zaidi: jeshi la Wajerumani kutoka Moshi likalipiza kisasi kikali kwa Wameru na Waarusha, na wapiganaji wa Kichaga walikuwamo. Kituo cha misheni kilianzishwa Nkoaranga, hukohuko Meru, mwaka 1902, na leo Wameru wengi ni Walutheri. Nikiiangalia habari hiyo yote kwa pamoja siwezi kuichambua kwa urahisi nani alimtii Mungu na wapi utii huo uliingiliana na nguvu za bunduki. Najua tu kwamba wale wawili hawakuiona Nkoaranga, na kwamba neno "Mungu ametutuma" lilisikika karibu mno na boma la kijeshi kwa yeyote kulipokea bila kuuliza. Ndiyo maana hata ninaposikia "Mungu amenionesha" kutoka kwa ndugu ninayemheshimu, naona ni haki kuuliza: amekuonesha nini, na ni nani anayelipa gharama ya hayo maono?

Jana, sikukuu ya pili ya Krismasi, nilimsindikiza shangazi nyumbani baada ya ibada. Mnada wa sadaka za mazao ulikuwa ukiendelea nje ya kanisa, na mkungu wake wa ndizi za mshare ulinunuliwa kwa bei nzuri kuliko alivyotegemea, jambo lililomfurahisha njia nzima. Tulipofika akaniuliza kama watoto wote wamekuja, kisha akasema bila mimi kuanza habari hiyo, "Mwanangu, nasikia mna kikao. Mimi sitakuja kugombana na watoto niliowabeba mgongoni. Baba yako alinipa, na Mungu aliona." Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi," naye akaenda kuwapa mbuzi majani.

Maneno hayo hayajaniacha. Mwanamke asiye na karatasi, asiye na mume wala mwana wa kumsemea, amelikabidhi jambo lake kwa Mungu na kwenda kulisha mbuzi, wakati mimi mwenye daftari, simu na elimu nimekosa usingizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini sheria hiyo haiwezi kujua masale yalipandwa na nani mpaka mtu aliyekuwapo aseme. Shangazi anamtumaini Mungu, nami, nikitazama orodha ya watakaokuwa kikaoni, simwoni mtu ambaye Mungu anaweza kumtumia kumjibu isipokuwa yule anayepoteza chanzo cha ada kwa kujibu. Sijawahi kulifikiria tumaini la mtu mwingine kwa namna hiyo, kwamba laweza kuwa limewekwa mikononi mwangu bila mimi kuulizwa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kumtumaini Mungu ni jambo kati yangu na yeye, na kwamba nikishindwa nitadhurika mimi.

Hofu haijaondoka. Kaka anaweza kuona kwamba nimemwaibisha mbele ya ukoo, naye ndiye aliyenisomesha, jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba hii anayelisahau wala anayepaswa kulisahau. Baba mdogo atasema kwamba mtoto hawezi kukumbuka mipaka. Kwa sababu hiyo sitangoja kikao. Kesho asubuhi nitakwenda kwa kaka peke yangu, nimweleze nilichokiona siku ile na mahali baba aliposimama, ili asikie kutoka kwangu kabla hajasikia mbele ya watu. Akitaka twende shambani, tutakwenda, masale bado yapo ingawa upande wa chini yamezidiwa na migomba.

Kikao kikiisha nitamwomba shangazi tufuatane ofisi ya kijiji kuuliza utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Ada za Januari nitaomba nizilipe kwa awamu. Nimekwisha kuandika barua kwa mkuu wa shule, na asipokubali, jibu la pili bado sina.