Ukiambiwa "yard", uliza kwanza ni ipi

Mkataba wa kupanga nyumba Marekani huwa na kurasa nyingi, na neno litakalomgharimu mpangaji linaweza kuwa moja tu: "yard". Mswahili akilisoma anawaza yadi ya kitambaa, au yadi ya magari yaliyotoka Japani. Kwenye mkataba ni eneo lote la wazi ndani ya mipaka ya kiwanja, mbele, ubavuni na uani, liwe na majani au lisiwe nayo.

Ikiandikwa kwamba mpangaji ndiye anayelitunza, basi majani ni yako, pamoja na magugu yanayoota kwenye nyufa za saruji. Manispaa nyingi zimeweka kikomo cha urefu wa majani, mara nyingi kati ya inchi 8 na 12. Yakipita hapo inakuja notisi. Ukiipuuza, manispaa inaleta mtu wake wa kukata, ankara inamfikia mwenye nyumba, naye anakuletea wewe. Kwa hiyo kabla ya kutia saini uliza mashine ya kukatia ni ya nani, maji ya kumwagilia yanaingia kwenye bili ya nani, na majani yanayopukutika Oktoba na Novemba anayaondoa nani. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, maana msimamizi akibadilika, ahadi ya mdomo inaondoka naye.

Mbele na uani pia havina sheria moja. Uani mara nyingi unaruhusiwa uzio wa futi 6, mbele futi 4 au pungufu, na baadhi ya mitaa haitaki mboga upande wa barabarani. Ule ukanda wa majani ulio kati ya njia ya miguu na barabara kwa kawaida ni wa manispaa, ingawa wewe ndiye unayeukata.

Uingereza eneo hilohilo linaitwa "garden", hata kama halina maua yoyote. "Yard" kule ni kiua kidogo kilichosakafiwa, chenye ukuta, mapipa ya taka na kamba ya kuanikia nguo. Tangazo la nyumba ya Leeds au Manchester likitaja "yard", usitegemee kulima. Na Mjamaika wa London akisema "yard", anamaanisha nyumbani.

Tukirudi Marekani, inayowapoteza wengi zaidi ni "yard" ya udongo. Yadi ya kitenge ni urefu, sentimita 91.44. Yadi ya udongo, kokoto, zege au matandazo ni ujazo: futi 3 kwa 3 kwa 3, yaani futi 27 za ujazo, kama robo tatu ya mita ya ujazo. Muuzaji hasemi "ya ujazo" kwa sababu katika biashara yake hakuna yadi nyingine. Ukiagiza yadi tatu huku akilini una tuta lenye urefu wa yadi tatu, lori litakumwagia mlangoni futi 81 za ujazo, mzigo wa tani kama tatu, na wa kuusukuma kwa toroli ni wewe.

Hesabu yake ni rahisi. Pima urefu na upana kwa futi, kina kwa inchi. Zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 324. Boksi la mbao la kupandia mboga, la futi 4 kwa 8, kina inchi 10, linakupa 320. Ukigawa kwa 324 ni yadi moja kasoro kidogo. Ongeza sehemu moja ya kumi, kwa kuwa udongo mpya hushuka baada ya mvua za mwanzo. Ukinunua wa mifuko ya futi 1.5 za ujazo, yadi moja ni mifuko 18. Linganisha bei ya mifuko hiyo na bei ya udongo pamoja na nauli ya lori. Kwa boksi moja mifuko mara nyingi ndiyo nafuu, kwa maboksi matatu lori linashinda.

Ukiufuata mwenyewe, angalia uzito. Yadi moja ya matandazo ya magome pikapu ya kawaida inaibeba. Yadi hiyohiyo ya udongo uliolowa inaweza kupita tani moja: springi zinalala na breki zinachelewa kushika. Beba kwa awamu mbili.

Kabla ya kuchimba piga 811, namba ya simu ya Marekani ya kuomba uonyeshwe nyaya na mabomba yaliyofukiwa, siku chache mapema. Ni bure. Watakuja kuweka alama za rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano gesi, buluu maji safi, kijani maji taka, chungwa nyaya za simu na intaneti. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, nayo ikibanduka huangukia udongo wa chini ya ukuta. Pale penye jua ukutani ndipo mchicha na majani ya maboga hustawi, na ndipo tunapopenda kupanda. Tafadhali, hasa kama kuna watoto wadogo, sogea mbali na ukuta na upeleke udongo ukapimwe kwanza.

Kuhusu magari: Mmarekani akisikia umenunua gari "yard", ataelewa ni kule yanakokatwa vipuri. Gari la huko likiwa na hati ya "salvage", yaani lilishaharibika kiasi cha kuhesabiwa halifai kutengenezwa, bima kamili ni ngumu kuipata, na kulisajili upya kunahitaji ukaguzi. Gari lako likivutwa kwa kuegeshwa vibaya, nalo linapelekwa "yard", na malipo ya kulihifadhi yanahesabiwa kila siku. Lifuate siku hiyohiyo, ukiwa na leseni na kadi ya usajili.