Msiihukumu kozi ya kusaidia wanafunzi wa uchumi kwa wastani tu

Kiukweli inaniuma nikisikia mtu anasema kozi za kusaidia wanafunzi wa uchumi mwaka wa kwanza hazina maana, eti waliosoma huko wana wastani mdogo kuliko wenzao. Jamani, si waliwekwa huko kwa sababu waliingia na maksi ndogo!

Chukua Afrika Kusini. Ubaguzi wa rangi uliziacha shule za weusi bila walimu wa hesabu wa kutosha, na hata baada ya 1994 pengo halijazibika, ndo maana vyuo kama Cape Town vina kozi za uchumi zenye madarasa madogo na tyutorio nyingi (vipindi vya mazoezi vya vikundi vidogo), na digrii ya miaka 3 unaweza kuisoma kwa 4. Sasa mtoto wa shule hizo anakutana na elastisiti (kiasi gani mauzo hubadilika bei ikibadilika) na magrafu kwa Kiingereza, halafu maksi zake unaziweka moja kwa moja na za aliyesoma shule ya ada kubwa? Mlinganishe na aliyefanana naye ila hakusoma kozi hiyo, yaani maksi za hesabu za matriki (mtihani wa mwisho wa sekondari), lugha ya nyumbani, aina ya shule, vyote viingie kwenye regresheni, ile hesabu ya takwimu inayotenganisha mchango wa kila kimoja. Na uangalie amefanya hesabu ipi, maana tangu matriki ya 2008 kuna hesabu kamili na kuna ile ya matumizi ya kila siku, ukizichanganya umeharibu kazi yote.

Bado kuna bidii, ambayo haimo kwenye data. Kozi ikiwa ya hiari wanaojiandikisha ni wale wanaojituma, wakifaulu utajuaje kilichowabeba? Mimi napenda mstari wa maksi: tuseme chini ya 60 lazima uende, basi wa 59 na wa 60 karibu wako sawa, linganisha hao. Watafiti wa Marekani, Thistlethwaite na Campbell, walifanya hivyo tangu 1960, ingawa wao walipima tuzo za wanafunzi.

Kama chuo kina ujasiri kipige kura kabisa, yaani bahati nasibu iamue nani asaidiwe na nani asisaidiwe. Wachumi Angrist, Lang na Oreopoulos walifanya hivyo kwenye chuo kimoja Kanada, walioingia 2005, wa fani mbalimbali: 250 wakapewa msaada wa masomo, 250 wakaahidiwa pesa wakifanya vizuri, 150 vyote viwili, wengine elfu moja na kidogo hawakupewa kitu. Wanaume hawakubadilika, ila wanawake waliopata vyote viwili walipanda, na mwaka wa pili, mpango umeshaisha, bado walikuwa juu. Ungechukua wastani wa wote kwa pamoja, hao wadada wangepotea humo ndani na mpango ungefutwa.

Halafu waliodisko (waliofukuzwa kwa kufeli) na walioacha wenyewe mbona hawahesabiwi? Ukipima waliofika mtihani wa mwisho tu, kozi iliyopoteza wanafunzi wengi itaonekana nzuri, na ile iliyowashikilia wale dhaifu hadi mwisho itaonekana mbovu kwa sababu hao ndo wanashusha wastani. Hesabuni wote walioandikishwa siku ya kwanza, na muwafuate mpaka watakapomaliza digrii.